Rangi Ndani ya Nyumba ya Matanga

Mstari mmoja ulikataa rangi ya kijani.

Émérance aliutazama, akafuta macho kwa kitenge cheusi, akautazama tena. Alikuwa akipamba masomo aliyoyaacha mumewe, Heri, kwenye tovuti aliyowafundishia vijana wa Kasongo kuandika programu. Msimbo wote ulikuwa mweusi, umebanana kama dagaa kikapuni, na vijana walilalamika kwamba macho yanawauma. Basi akaweka kanuni: maagizo ya kompyuta yawe bluu, namba ziwe zambarau, na maelezo ya Heri, yale yanayoanza na alama #, yawe kijani. Kompyuta huyaruka maelezo hayo. Huandikwa kwa ajili ya binadamu. "# Usiogope hapa." "# Ikikataa, kunywa maji kwanza, kisha rudia." Huyo ndiye Heri mtupu, na Émérance alilia kila alipoyapitia.

Lakini mstari huu ulikuwa mwekundu wa matope, rangi ambayo hakuiweka. Wala maneno yake hakuwahi kuyasoma, ingawa yalimwita vile Heri alivyozoea kumwita: "# Mama Darlène, huku baridi iko mingi."

Mtu mwenye akili zake angefunga kompyuta. Émérance hakuwa nazo, alikuwa mjane. Mtumbwi ulipinduka Nyangwe, mto haukumrudisha Heri, na mama mkwe wa Émérance, Mama Safia, akakataa katakata kupanga siku ya kuondoa matanga maadamu mwili haujaonekana. Katika ukoo ule, kabla ya siku hiyo, mjane havai rangi na kitu cha marehemu hakipambwi, hata kiti chake. Émérance alilijua hilo na bado alivaa nyeusi. Ila nani angefikiri kwamba tovuti nayo ni kitu cha nyumbani?

Akaandika chini yake: "# Ni wewe?"

Akajibiwa. Kila alipofungua ukurasa alikuta neno jipya, tamu, la kumuuliza kama amekula, kama paa bado linavuja. Chumba kikaanza kunuka tope la mto na sabuni ya mawese aliyoogea Heri. Matone ya maji yakaonekana katikati ya vibonye. Émérance aliyapangusa kwa kiganja, akakinusa. Alifurahi, maskini, na hakumwambia mtu.

Mchana mmoja mvua ilikuwa ikipiga mabati, naye jikoni akitwanga sombe ya majani ya muhogo, akasikia vibonye vikigongwa chumbani taratibu, kama Heri alivyozoea, akaendelea kutwanga huku akitabasamu, mpaka aliposikia juu ya mlio ule sauti ya binti yao Darlène, ambaye ndio kwanza ameanza kujua kusoma, ikiunganisha silabi moja moja, ku-ja Nya-ngwe, ba-ba i-ko ku ki-vu-ko, na mchi ukamponyoka, akakimbia, akamkuta mtoto amesimama mbele ya kompyuta, vibonye vikishuka na kupanda bila kidole, na miguu ya mtoto imelowa tope hadi magotini, ilhali hakuwa ametoka nje.

"Mama," Darlène alinong'ona, "baba iko naniita. Anasema nivue viatu."

Mama Safia aliitwa, akafika amelowa chapachapa.

"Ulifanya nini, mwanangu?"

"Nilipaka masomo yake rangi, Mama."

Mama Safia akakaa chini, hapo hapo sakafuni. "Mbele ya kutosha matanga? Siku ya kuyaondoa hata hatujaipanga!"

Wakamwita Mwalimu Sumaili, mganga wa Kabambare anayejua kisomo cha majini. Alifika kwa pikipiki, akafukiza ubani, akasoma. Badala ya kutulia, maelezo yote yakageuka mekundu, ya zamani na mapya.

"Ile haiko bwana yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini ya maji. Ulimufungulia mulango, sasa iko nakaa mu maneno ya marehemu. Tosha rangi."

Émérance akazitoa. Kila kitu kikarudi cheusi.

"Sasa nionyeshe: gani ya bwana yako, gani ya jini?"

Émérance akasoma. Akasoma tena. Usiogope hapa. Umekula? Kunywa maji kwanza. Yalikuwa sauti moja, na hata hilo la maji, aliloapa ni la Heri, sasa hakuwa na hakika nalo. Karibu naye tope lilikuwa likimpanda Darlène mapajani.

"Basi yatoke yote," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, nakuomba. Hata kaburi sina! Nibakishie moja."

Mwalimu akamwonyesha kwa kidole mapaja ya mtoto. Émérance akafuta, mstari kwa mstari, akilia kwa sauti kama siku ya msiba. Kwenye "# Usiogope hapa" kidole kilikataa. Mama Safia akainuka, akaweka mkono wake juu ya ule wa mkwewe, wakabonyeza pamoja.

Harufu ya tope ikaondoka, na ya sabuni ikaondoka nayo. Miguu ya mtoto ikakauka.

"Kesho tupange siku," Mama Safia alisema, akatoka kwenda kulilia uani.

Émérance akaiendesha programu ya mumewe, akitumaini ingegoma bila maneno yake, ingeonyesha hata kosa dogo. Ikafanya kazi vizuri kabisa, jibu lile lile la siku zote.

Kompyuta haikukosa chochote.