Udongo wa Chumba cha Nyuma

Siku yenyewe ilianza kwa mkate wa shayiri na chai nzito, kama siku yoyote ya mwezi wa saba. Mume wangu Dhau alikula, akashukuru, akapanda pikipiki kwenda kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Mimi nikafua. Nguo ya kwanza ilikauka kabla sijaanika ya tatu, ndipo nikajua shahili umeingia.

Shahili ni upepo wetu wa jangwani. Ukivuma siku tatu maziwa hukatika, mbuzi hupigana, na majirani waliokuwa wakipelekeana tini huanza kuulizana habari za mipaka ya mashamba. Wazee wetu hapa Matmata husema talaka iliyotamkwa wakati wa shahili isihesabiwe, mtu aulizwe tena upepo ukitulia. Mimi sikuwa na talaka ya kuhesabu. Nilikuwa na wivu, na wivu wangu hauna msimu.

Lakini niseme kwanza kosa langu. Ukoo wa Dhau unaishi chini, kwenye nyumba ya kuchimbwa: ua ni shimo kubwa, na vyumba vimechongwa ndani ya udongo kuuzunguka. Kiangazi humo mna ubaridi, na kipupwe mna vuguvugu. Nilipoolewa nilikataa kukaa humo. Nikasema mimi si panya. Nikamsumbua Dhau mpaka akanijengea nyumba ya saruji juu ya kilima, mwendo wa robo saa, yenye madirisha makubwa kama ya mjini. Siku ya kuhama, mama mkwe wangu, Bi Rgaya, aliniambia, “Chota udongo kidogo wa huku chini, mwanangu, uukandike nyuma ya mlango wako. Ubaridi utakufuata.” Nikacheka. Kiangazi cha tatu nilikuwa naokwa bila kuni.

Dhau akaanza kwenda kulala mchana kwa mama yake. Alikuwa akirudi alasiri shavu baridi, anapiga mluzi, nami nimekaa nimelowa jasho mpaka kope. Na kule chini alikuwako Mahbuba, mjane wa kaka yake, mwanamke wa miaka thelathini, mweupe wa meno, mwepesi wa kicheko.

“Umelala wapi leo?” nilimuuliza.

“Kwa mama.”

“Mama ana vyumba vinne.”

“Aljia, joto limekupanda kichwani.”

“Wewe limekushuka vizuri. Nani amekupepea?”

Akacheka, akaomba chai. Wivu ni kidonda, wanasema, ukiushiriki utakonda. Mimi nilikwisha konda.

Kesho yake nikamfuata. Ilikuwa saa saba ya mchana, saa ambayo kwetu hata mbwa hatoki. Nikashuka kwa njia ya handaki, viatu mkononi. Chumba cha kwanza nikamkuta Mahbuba kalala kando ya Bi Rgaya, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwanamke anayeiba mume hakoromi vile. Nikaona haya, nikataka kurudi.

Ndipo nikamwona Dhau. Alikuwa chumba cha nyuma, peke yake, kwenye mkeka. Shavu lake lilikuwa limeegemea ukuta wa mwisho, na alikuwa akitabasamu usingizini. Tabasamu lile nililiona mara moja tu, usiku wa harusi yetu.

Nilitazama chumba chote. Hapakuwa na mtu.

Basi nikauonea wivu ukuta. Mnicheke mkitaka. Nikajiambia, kama ni ubaridi anaoutaka, nitauleta kwangu. Alipoamka akaondoka, nikaingia na kijiko, nikakwangua pale pale alipoweka shavu. Chokaa ilikuwa nene ajabu, tabaka juu ya tabaka, nene kuliko kuta zote za nyumba ile. Nyuma yake udongo ulikuwa na majimaji, mwezi wa saba, katikati ya shahili. Kijiko kikapinda. Nikatia mkono, udongo ukaja wenyewe, ukajaa kiganja.

Niliukandika nyuma ya mlango wangu siku ile ile. Kufika alasiri nyumba ilikuwa imepoa.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa malkia. Dhau hakwenda tena kwa mama yake. Majirani walikuja kukaa sebuleni kwangu na ushonaji wao, wakaniuliza siri, nikawaambia ni madirisha. Nilifurahi, wallahi. Niliimba nikikoroga unga na mafuta ya zeituni.

Kisha Dhau akahamisha godoro, akaliweka nyuma ya mlango.

“Huku ndiko kuna nafuu,” akasema.

Akawa analala kauelekea ukuta, mgongo kwangu. Na kati yake na ukuta anaacha nafasi. Nafasi ya mtu mmoja. Mchana mmoja nilimsikia akicheka chini kwa chini. “Sogea,” alinong’ona. “Utaniangusha.”

Nikanyanyuka. Nikamruka, nikajipenyeza pale penye nafasi. Nikasukumwa. Si kwa nguvu. Nilisukumwa kwa kiwiko, kama wanawake wanavyosukumana kwenye foleni ya maji.

Dhau hakuamka. Alinyoosha mkono juu yangu kuelekea ukutani, kana kwamba sipo.

Tangu siku hiyo hakutoa jasho tena. Nje kulikuwa kunawaka, yeye anakwenda karakana amevaa joho la sufi. Midomo yake ikageuka rangi. Chakula akawa anakionja tu. Siku ya tano aliangushwa na kizunguzungu mbele ya wateja wake, wakamrudisha kwangu akiwa begani mwa watu wawili, na wote wawili wakafuta mikono yao kwenye nguo baada ya kumlaza.

“Aljia,” akaniambia, meno yakigongana, “nasikia baridi. Lakini usinitoe hapa.”

Nilikimbia mpaka kwa Bi Rgaya. Sikuficha kitu. Alinisikiliza akichambua dengu, mpaka nilipotaja chumba cha nyuma. Sinia likaanguka.

“Ukuta gani?”

“Wa mwisho.”

“Ewe mtoto! Kuta zote hizi, ukauone huo?”

“Hamkuniambia.”

“Ulisema wewe si panya. Tungekwambiaje?” Akavuta pumzi, akashusha sauti. “Yule aliyemo ukutani ni Jazia, mke wa kwanza wa babu yake Dhau. Mume alikuwa akichimba chumba cha mke wa pili, upande wa pili wa ukuta ule. Jazia akaweka sikio ukutani kusikiliza. Ukamwangukia.”

“Hamkumtoa?”

“Walichimba siku tatu. Kila wakichota, udongo unashuka. Wakapaka chokaa, wakasoma fatiha.”

“Na Dhau mlimwachaje alale pale?”

“Amelala pale tangu utotoni. Akiwa nyuma ya chokaa huwapoza tu wanaume wa nyumba hii, basi. Hana ubaya.” Akanitazama. “Ana wivu tu.”

Akaniagiza niurudishe udongo wote, mchana, watu wamelala, kwa mkono ule ule uliouchota. Na Jazia nisiseme neno.

Kuubandua haikuwa kazi ndogo. Dhau aliniangalia kutoka godoroni, machozi yakimtoka, ila hakunizuia. Nikaufunga kwenye kitambaa, nikashuka kilima. Shahili ulikuwa ukinipiga usoni, mikono inauma kwa baridi.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha moto. Kuta zilikuwa zinatoa jasho.

Nikaanza kuurudisha. Kipande baada ya kipande. Nikakandamiza cha mwisho kwa kiganja, nikataka kuutoa mkono. Haukutoka. Kulikuwa na vidole kati ya vidole vyangu.

“Niachie kidogo,” ukuta ukanong’ona. “Saa za mchana tu.”

Ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza. Lakini ni mimi, na ni mume wangu.

“Hata dakika,” nikasema. “Huyu ni wangu.”

Halafu vidole vikalegea, kimoja kimoja. Nikapaka chokaa mara tatu bila kupumzika. Nikakimbia.

Nilimkuta Dhau amekaa katikati ya sebule, kifua wazi, jasho linamtiririka mpaka kwenye zege. “Nyumba gani hii!” alifoka. “Hili ni tanuri! Nani alinishauri kujenga tanuri?” Nikamwangukia shingoni nikilia kwa furaha, nikalamba jasho lake lile la chumvi kama mbuzi. Akadhani nimerukwa na akili.

Ilikuwa siku ya pili nilipogundua. Mwili wangu wote ulikuwa umelowa, isipokuwa mkono wa kulia. Kutoka kiwiko kushuka ulikuwa mkavu. Na baridi.

Dhau akaugundua pia. Sasa ni mwaka wa pili. Hashuki tena kwa mama yake. Kila mchana huuchukua mkono ule, huuweka chini ya shavu lake, akalala akitabasamu. Nikimnyima, hasinzii, anakonda, na midomo inaanza kubadilika. Nikimpa, mimi ndiye nisiyelala. Namtazama akiubusu, naye hanibusu. Wake wenza wa watu huwa na zamu. Wangu hana zamu, na siwezi kumfungia mlango. Nauonea wivu mkono wangu mwenyewe.

Juzi usingizi ulinishinda, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilipopita. Nilipofungua macho, Dhau alikuwa bado amelala. Nikauvuta mkono taratibu.

Kucha zote tano zilikuwa na hina, mbichi, ya bibi harusi. Nyumbani kwangu hakuna hina. Mkono wa kushoto ulikuwa safi.

Dhau ameosha shavu lake kwa sabuni siku mbili sasa. Hina haitoki.