Jeneza la Jemedari Vumbi

Mashabiki wenyewe ndio waliolifukua jeneza. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, nyuma ya soko la Kisaju. Walikuja na majembe na mabango, wakiimba kwa hasira, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutafuta maiti.

Jemedari Vumbi hakuwa mtu. Alikuwa shujaa wa albamu ya roki ya bendi moja ya Kitengela, albamu iliyochezwa jukwaani kama tamthilia, kwa vinyago na panga za mbao. Mwishoni Jemedari hufa. Mwaka juzi mashabiki walimfanyia mazishi hapo Kisaju, kwa jeneza la kweli, kaburi la kweli, na matanga yenye chai. Watu walilia, usifanye mchezo! Kisha mwezi huu ikatoka sehemu ya pili, *Jemedari Amefufuka*. Wachache walisifu magitaa. Wengi waliona wametukanwa, kwamba machozi yao yalikuwa ya bure na maneno ya nyimbo yamekuwa chapwa kama uji usio na sukari. Wakaapa kulifukua jeneza tupu na kuibwagia bendi mlangoni.

Kifuniko kilipobanduliwa, wimbo ulikatika midomoni. Ndani mlikuwa na mtu.

Sajini Nyakio alifika kabla jua halijapungua ukali. Alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, hapendi roki na hapendi haraka. Aliona buti nyeusi, koti la ngozi, fuvu lililopasuka kisogoni, na mkufu uliosokotwa kwa nyuzi za gitaa. Mkufu huo kila shabiki aliujua. Ulikuwa wa Wanyoike, mtunzi wa nyimbo zote za albamu ya kwanza, aliyesemekana yuko Qatar tangu wiki ile ya mazishi. Nyakio aliamuru udongo wote uchekechwe. Hakikupatikana kingine ila misumari.

Jioni ile mkubwa wake, Inspekta Ndung'u, alikuwa tayari na mtu wake.

"Ni Opiyo, mwenyekiti wa mashabiki. Yeye ndiye alipiga hilo jeneza misumari. Na soma alichoandika kwa mtandao: 'Mkimfufua Jemedari, mwili tutawaletea.' Mtu anasema mwili uko, na mwili uko. Unataka nini ingine? Jumatatu anaenda kortini Kajiado."

"Muuaji gani anaongoza watu kwa maiti yake, bosi?"

"Mjinga."

Nje ya kituo watu walishaanza kukusanyika, na mawe hayakuwa mbali. Mke wa Opiyo, Valerie, alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni. Nyakio alimpita akaona aibu.

Alianza na bendi. Emmanuel, mpiga ngoma, aliwahi kurushiana ngumi na Wanyoike wiki ile ile. Lakini siku ya mazishi mvua kubwa iliwakimbiza watu wote kabla kaburi halijafukiwa, na Emmanuel alipanda lori moja na mashabiki, wakakwama kwenye matope meusi hadi asubuhi. Lori zima lilimshuhudia.

Githongo, kiongozi na mwimbaji, alimpokea nyumbani kwake Kitengela, macho yamevimba. Stoo yake ilijaa vinyago vya Jemedari, vyote vikimtazama mgeni. Pembeni ulisimama mtungi uliofunikwa gunia, ukitoa harufu tamu yenye ukali.

"Wanyoike alikuwa ananitumia maneno ya sehemu ya pili kwa simu," alisema Githongo, akionyesha ujumbe. "Salamu pia. Sasa nani alikuwa ananiandikia, madam? Nashikwa na baridi."

"Mashabiki wanasema hayo si maneno yake."

"Mashabiki hawaridhiki." Alifuta macho, akamwona Nyakio anautazama mtungi. "Ni muratina tu, pombe ya asali. Shosho alinifundisha. Tunda la kuichachusha likishazoea kazi halitupwi, unalianika unalitumia tena miaka na miaka. Hata mashabiki niliwapa siku ya kusikiliza sehemu ya pili. Onja kidogo."

Nyakio alikuwa kazini, na pombe ile haikuwa na kibali. Lakini babu yake aliipika kila palipokuwa na ruracio, sherehe ya mahari, na harufu ilimvuta. Akapiga funda moja. Ilikuwa nzuri, na hilo lingemsumbua baadaye.

Jumapili asubuhi alimtoa Opiyo seli.

"Ile post ni mdomo tu, afande. Tulitaka kuwarudishia jeneza lao."

"Wewe ndiye ulilifunga. Likiwa tupu?"

"Tupu? Aka! Kwetu huziki sanduku tupu, ni kuita kifo. Mtu akipotea na mwili ukose, tunazika yago mahali pake, lile tunda refu. Jemedari hakuwa na mwili, so nikaleta yago. Nikaichoma macho mawili na mdomo na msumari moto, ikuwe na sura yake. Bendi hawakuona, walikuwa kwa hema wanavaa. Niko na picha."

"Nani alifukia kaburi mvua ilipoisha?"

"Asubuhi tulipata limejazwa. Tukadhani ni bendi." Opiyo aliinua macho mekundu. "Sasa niambie, madam. Yago yangu iko wapi?"

Inspekta Ndung'u aliangua kicheko mlangoni. "Mtu amekufa, huyu anauliza matunda!"

Nyakio hakucheka. Alikuwa ameishika simu ya Opiyo, akilitazama lile tunda la kijivu, nene kama mkono wa mtu, limelala jenezani na macho yake ya moto. Kwa kina Opiyo lilizikwa. Kwao yeye liliitwa muratina kama pombe yake, likapasuliwa katikati, likaanikwa, likatiwa mtungini. Ulimi wake ulikumbuka lile funda.

Saa sita alikuwa stoo kwa Githongo na askari wawili. Mkubwa wake alimfuata akinung'unika. Nyakio alikunja mikono ya sweta, akatumbukiza mkono mtungini, akatoa kipande kimoja, kingine, kingine, akavipanga juu ya gunia. Cha nne kilikuwa na tundu jeusi lililochomwa, na nusu ya mdomo. Cha sita kilikuwa na tundu la pili. Alivikutanisha, na uso ukakamilika, ukilowa, ukiwatazama.

Akaweka simu yenye picha kando yake. Hata Ndung'u aliinama kutazama.

"Hili lilifungiwa jenezani kwa misumari," Nyakio alisema. "Aliyelitoa ndiye aliyemwingiza Wanyoike."

Githongo aliketi chini kati ya vinyago vyake.

"Nilimwambia watu watataka sehemu ya pili. Akakataa. Akasema aliyezikwa amezikwa, tukimfufua tumewafanya watu wajinga. Wote walikuwa wamekimbia mvua. Tulibaki wawili kwa hema, na kulikuwa na jembe. Simu yake nikabaki nayo. Maneno nikaandika mwenyewe." Alicheka kidogo, vibaya. "Walijua. Wimbo wa kwanza tu, walijua si yeye."

"Na tunda?"

"Nilikuwa nataka nafasi. Nilidhani ni mchezo wa mashabiki. Lakini muratina mzima hivyo, Kitengela hii, utapata wapi? Wewe ungetupa?"

Nyakio alijua asingelitupa.

Jumatatu aliyepelekwa Kajiado alikuwa Githongo. Opiyo alitoka seli, akambeba mtoto, akamshika Valerie mkono kwa muda mrefu. Wale wenye mawe walikuwa wametawanyika bila kuomba radhi. Kisha Opiyo akamgeukia Nyakio.

"Asante, madam. Umeniokoa. Yago ulipata?"

"Nilipata."

"Wapi?"

Nyakio alitamani kumdanganya. Hakuweza. "Mtungini kwake. Alikuwa anapikia muratina."

Tabasamu la Opiyo lilikaa usoni kidogo, likasahaulika hapo. Alimrudishia Valerie mtoto, polepole, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Siku ya kusikiliza sehemu ya pili," alisema, "albamu ilinishinda, hiyo nilimwambia. Lakini kile kikombe nilisifu. Niliongezwa mara mbili."