Mabula Anatafuta Pa Kukaa

Rhoda alilifuta jina la Mabula mchana kweupe, akaenda kunywa maji, akarudi mezani akalikuta pale pale.

Alidhani kasahau kuhifadhi. Akalifuta tena. Kazi yenyewe haikuwa ya kumtisha mtu. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali walikuwa wakitunza, kwa kujitolea, mfumo huria wa kujengea programu za kompyuta, na sasa maktaba moja ya programu iliyotumiwa na mfumo huo, ile inayosoma vipima hewa vya migodini, ilikuwa imepata toleo jipya. Kuliingiza jipya na kuliondoa la zamani kulimwangukia Rhoda, nyumbani kwake Kambarage, mjini Shinyanga, na kichanga chake mgongoni.

Toleo la zamani aliliandika Mabula, akalipa jina lake mwenyewe. Alikuwa fundi mwenzake kule Geita, mkubwa kwake kwa umri, mbishi wa kuzaliwa. Rhoda alimwonya mara nyingi kwamba toleo lile linasoma hewa chafu kuwa safi, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Mkinitoa humo," alimjibu siku moja, bila kucheka, "nitatafuta pengine pa kukaa."

Haukupita muda akashuka duarani, kwenye shimo la wachimbaji, na kipimo chake mkononi. Kipimo kikamwambia hewa ni safi. Wachimbaji walimtafuta mle shimoni wakachoka, mwili haukuonekana.

Rhoda akaiamuru kompyuta ijenge upya. Kioo kikaandika: *Toleo jipya, sawa.* Kisha, chini yake: *Mabula, yupo.* Feni ya kompyuta ikaanza kukoroma mfano wa mtu anayetafuta pumzi, na chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi, ilhali Shinyanga nzima ilikuwa haijaona tone la mvua. Hapo ndipo mtoto alipoanza kulia.

Alilia hadi sauti ikamkauka. Hospitali walimpima wakasema mzima. Kesho yake mama mkwe, Mama Boaz, akafika kutoka Kolandoto, akamsikiliza mjukuu wake, akatabasamu.

"Mayu, mama yangu, huyu haumwi. Analilia jina. Kuna mzee wetu anataka kurudi. Tutawaita mmoja mmoja, tutakayemwita mtoto akanyamaza, ndiye."

Rhoda aliijua mila hiyo na hakuwa na ugomvi nayo. Lakini alipowapitia wazee wa ukoo kichwani, alikwama kwenye jina moja. Marehemu baba mkwe wake naye aliitwa Mabula.

"Mama, nakuomba usiite," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anasikiliza."

"Sasa si ndiyo maana tunaita?"

Rhoda aliogopa kweli kweli. Alikimbilia kompyuta kumrudishia yule mtu nafasi yake, toleo bovu na liwe bovu, bora akae humo kuliko kwingine, na vidole vikimteleza kwenye vitufe vilivyolowa tope ambalo hakujua limetoka wapi alianza kuliandika jina lile alilolifuta, huku feni ikikoroma na kutoka chumba cha pili akimsikia mama mkwe akiita kwa upole, "Ndaki," na mtoto akilia, "Masanja," na mtoto akizidi kulia, na yeye akibonyeza na kuomba Mungu mashine iharakishe, iharakishe tu, kabla halijatamkwa lile moja.

"Mabula."

Mtoto akanyamaza. Feni nayo ikanyamaza. Kioo kikaandika: *Mabula, hayupo.*

Alipoingia chumbani alimkuta Mama Boaz akifuta machozi ya furaha.

"Mume wangu amerudi. Njoo umwamkie mkwe wako."

Mtoto alikuwa macho, ametulia, akimtazama Rhoda bila kupepesa. Ndani ya kucha zake ndogo mlikuwa na udongo mbichi.

"Shikamoo," Rhoda alisema, kwa kuwa mama mkwe alikuwa akimsubiri, na kwa kuwa hofu haikumwachia neno jingine.

Mtoto akafungua kinywa kisicho na jino hata moja.

"Marahaba, Rhoda," akaitikia kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Hapa pananitosha."