Jiwe Zito la Kando ya Mto

Fundi cherehani alikuwa akikata shati jeupe la shule. Kitambaa kilikuwa kinamtelezea mezani. Akachukua jiwe lake la kijivu, akalikandamizia pindoni. Jiwe lilikuwa dogo, linaenea kiganjani, lakini lilikuwa zito kama nyundo. Bintiye mdogo ndiye aliyeliokota kando ya mto. Mtoto huyo alipenda kufukua udongo, hata nyumbani wakamwita Mchimbaji.

Fundi alipoliondoa jiwe, aliona mstari wa kijivu juu ya kitambaa. Akausugua kwa kidole. Haukutoka.

"Mama, njoo uone," akamwita mama mkwe wake. "Jiwe hili linaandika kama penseli."

Mama mkwe akaja kutoka uani. Alikuwa ametoka kupalilia mboga zake kwenye kiwanja cha umma kando ya mto.

"Mawe hayaandiki, mwanangu," alisema. "Kitambaa kilikuwa kichafu."

"Jaribu mwenyewe."

Mama mkwe akachora kwenye gazeti la zamani. Mstari ukatokea. Akachora mwingine, kisha akacheka.

"Makubwa haya. Kumbe jiwe nalo limekwenda shule."

Wakati huo jirani yao alibisha hodi. Alikuwa mkaguzi wa mazingira wa manispaa, na alileta ovaroli yake itiwe kiraka gotini. Aliiona ile mistari kwenye gazeti, na jiwe kando yake, akaacha kuzungumza habari ya kiraka.

"Hiki kitu umekitoa wapi, dada?" aliuliza.

"Mtoto amekiokota kiwanjani, kule mtoni. Nakitumia kukandamizia vitambaa. Kwa nini?"

"Nadhani si jiwe. Nadhani ni risasi."

Mama mkwe akarudi nyuma. "Risasi ya bunduki? Mezani kwetu?"

"Hapana, mama. Risasi ni jina la madini. Ni mazito, laini, ya kijivu. Hata risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini hayo. Pia hutiwa ndani ya betri za magari."

"Yana madhara?" fundi aliuliza.

"Ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Hayana harufu, hayana ladha. Yakiingia mwilini huharibu ubongo polepole. Mtoto anaweza kuumwa tumbo, kupungukiwa damu, au kuwa mzito wa kujifunza. Mara nyingi huoni dalili yoyote."

Fundi akamtazama Mchimbaji. Mtoto alikuwa ameketi karibu na cherehani, kidole kiko mdomoni.

"Yanaingiaje mwilini?"

"Hivyo hivyo unavyoona. Anashika udongo, anatia kidole mdomoni. Tena kuna vumbi. Tunalivuta puani, tunaliingiza ndani kwa viatu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema taratibu. Safari hii hakucheka.

Mkaguzi alilifunga lile pande ndani ya mfuko. Wote walinawa kwa sabuni. Fundi alipochukua ufagio, mkaguzi alimzuia.

"Usifagie, utapeperusha vumbi. Futa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi. Viatu vya mtoni viache nje. Na kesho mpeleke mtoto akapimwe damu, nami nitaupima udongo wa kiwanja. Kuangalia kwa macho hakutoshi."

Jioni fundi alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache.

"Kiwanja kile ni cha watu wote," alisema. "Tumecheza pale tangu utotoni. Mbona hatukufa? Mkianza kupimapima watakifunga. Watoto watacheza wapi? Na mboga za mama je?"

"Huenda una haki," mkewe alijibu. "Lakini mimi nataka kujua."

Asubuhi walimpeleka mtoto zahanati, akatolewa damu. Majibu yangechukua siku kadhaa. Mumewe alirudi nyumbani na mtoto, lakini fundi hakurudi moja kwa moja. Alipitia kiwanjani, akamkuta mkaguzi ameshika kifaa chenye mpini. Mama mkwe alikuwa ameshafika, anamfuata nyuma kila hatua.

"Hiyo ndiyo bastola ya kutafutia risasi?" mama mkwe aliuliza.

Mkaguzi akacheka. "Ndiyo, mama. Naielekeza kwenye udongo, inaniambia kuna madini gani."

Katikati ya kiwanja palikuwa na kipara kisichoota hata jani moja. Watu walikuwa na maneno mengi juu yake. Wengine walisema pana chumvi. Wengine walisema ni maji ya kufulia. Fundi alidhani sumu yote iko hapo.

Mkaguzi akapima. "Ipo, lakini si nyingi sana."

Wakateremka hadi penye nyasi za kijani, karibu na maji. Hapo ndipo watoto walipopenda kuteleza. Mkaguzi akapima, akatazama kioo cha kifaa, akapima tena mahali pale pale.

"Hapa ndipo penye nyingi," alisema.

"Mbona nyasi zimestawi?" fundi aliuliza.

"Swali zuri. Kwanza niambieni, zamani palikuwa na nini hapa?"

Mama mkwe akafikiri. "Palikuwa na mafundi betri. Walivunja betri kuukuu pale kwenye kipara. Vya ndani waliviyeyusha motoni. Mimi nilikuwa bado mwali. Baadaye wakahama, banda likaanguka."

"Basi nadhani tumepata jibu. Tindikali ya betri ilimwagika pale juu, ikaua majani. Moshi na vumbi la risasi vikatua kila mahali, na mvua imekuwa ikiviteremsha huku. Nyasi zinaweza kumea juu ya risasi bila wasiwasi."

"Kumbe ukijani si uzima," mama mkwe alisema. Akageuka kuyatazama matuta yake. "Na mboga zangu?"

"Tusizile kwanza. Udongo hunata kwenye majani na mizizi. Nitachukua udongo wa juu na wa chini, na tope la mtoni, vipelekwe maabara. Tukijua sumu imeshuka mpaka wapi, tutajua tuchimbe mpaka wapi."

Mama mkwe aling'oa mboga zake mwenyewe.

Majibu ya damu ndiyo yaliyotangulia. Damu ya Mchimbaji ilikuwa na risasi.

"Mmewahi," daktari aliwaambia. "Dawa ya kwanza ni kumtenga na sumu. Anawe mikono kabla ya kula. Apate maziwa, maharage na mboga safi. Halafu mrudi tumpime tena."

Fundi baiskeli alimbeba mtoto njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake alichukua nguzo na waya, akaenda kumsaidia mkaguzi kuzungushia kiwanja uzio. Alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wazazi wapeleke watoto wakapimwe.

Maabara nayo ilithibitisha maneno ya mkaguzi. Manispaa ikaleta wafanyakazi wenye barakoa na glavu. Walimwagia udongo maji ili vumbi lisiruke. Wakachimba udongo wenye sumu, wakaupakia kwenye malori yaliyofunikwa turubai. Ulipelekwa kwenye shimo maalumu lenye sakafu isiyopitisha maji. Kisha wakajaza udongo safi, wakajenga ukingo wa mawe mtoni, wakapanda nyasi. Mkaguzi akapima upya kila pembe kabla uzio haujaondolewa.

Mama mkwe sasa analima kwenye magunia ya udongo safi, nyuma ya nyumba. Risasi katika damu ya Mchimbaji imekuwa ikishuka kila anapopimwa. Anaimba nyimbo za kuhesabu, tena anazikosea kwa sauti kubwa.

Siku moja mwanamke kutoka mtaa wa upande wa juu wa mto alileta gauni la kupunguzwa. Akaulizia habari za kiwanja.

"Kwetu pia kuna kiwanja mtoni," alisema. "Lakini hakina neno. Nyasi ni nyingi, ng'ombe wanakula."

"Huenda hakina neno," fundi alijibu. "Mimi sijui. Wewe unajua?"

Mwanamke akasita. "Sijui."

Fundi akazima cherehani, akachukua kitenge chake mlangoni.

"Basi twende kwa mkaguzi," alisema. "Gauni litasubiri."