Hongo ya Mgogo

Kengele ya kwanza ya treni ya kwenda Dodoma ilikuwa imekwisha kugongwa, na Josepha Bundala bado alikuwa anasukumana na watu mlangoni mwa stesheni ya Tabora. Kapu kichwani, kibuyu cha asali mkononi, gauni jipya la maua ya manjano limemshika mgongoni kwa jasho. Gauni alilishona mwenyewe. Kazi yake ilikuwa cherehani, kwenye baraza ya duka la nguo la Mhindi karibu na soko.

"Moja ya Kigwa, kaka, haraka!"

Karani wa tiketi aliinua macho. Kijana mrefu, kaki imepigwa pasi mpaka imesimama kama ubao, kofia ya reli yenye beji ya shaba imekaa upande. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa tangu utotoni, kwa hiyo kabila lake halikuhitaji kuulizwa.

"Kigwa? Wewe si Mnyamwezi?"

"Ndimi. Tiketi!"

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Wewe Kigwa hapo tu unataka treni? Ukoo umelegea huo!"

Foleni ilicheka. Josepha alitua kapu chini.

"Kumbe Mgogo! Ndiyo maana dirisha linanuka ng'ombe. Babu zangu walitembea, ndiyo. Babu zako walikaa njiani kama kupe, wakisubiri misafara yetu ipate kiu waitoze hongo ya kupita!"

"Na hongo bado ipo. Bila hongo hupiti."

Kengele ya pili iligongwa. Josepha alizibua kibuyu, akaingiza mkono dirishani, akamdondoshea karani asali kwenye kiganja.

"Lamba, uniache nipite."

Karani alilamba, akakata tiketi kwa mkono unaonata. "Jina lako nani, mtani?"

"Kamuulize babu yako!" Akakimbia, kapu kichwani, maua ya manjano yakipepea.

Wanyamwezi na Wagogo wamekuwa watani tangu enzi za misafara. Mtani humtukana mtani wake, humnyang'anya kitu chake, humcheka hata msibani. Mwiko ni mmoja tu: kukasirika.

Karani huyo aliitwa Silasi Chidosa, na hakungoja babu yake amjibu: aliulizia sokoni mwenye gauni la maua ya manjano. Jumatatu alifika barazani na suruali ya kupunguzwa. Jumatano alileta suruali ileile iongezwe.

"Amua moja," alisema Apolinaria, mwenzake Josepha wa cherehani ya pili. "Unataka suruali au unataka fundi?"

"Fundi. Suruali ninazo."

Kisha akaanza kupiga simu ya dukani. Mwenye duka aliipokea, akamwita Josepha huku amekunja uso.

"Haloo?"

"Hapa ni stesheni. Kuna mzigo wa Bi Josepha umelala hapa tangu jana."

"Mzigo gani?"

"Moyo wa karani. Umezidi uzito, tafadhali uje uuchukue."

"Upeleke Dodoma ukachungwe na ng'ombe wenzake!" alisema Josepha, akakata simu. Lakini alirudi kwenye cherehani akishona mshono uliopinda, na Apolinaria akaona.

Walikwenda kucheza dansi kwenye ukumbi, picha ya Malkia wa Uingereza ikiwatazama ukutani. Walikula karanga wakitembea mtaa wa Gongoni. Kila Silasi alipomshika mkono, Josepha alikuwa anafikiri jambo moja, nalo halikuwa jambo la kuchekesha.

Huko Kigwa aliishi mdogo wake, Veneranda, miaka kumi na sita. Baada ya mama yao kufariki, Veneranda aliacha kula, akaacha kusema, kisha akaanza kuwasikia watu wasiokuwepo na kukimbilia porini. Nyumbani kijijini walimfunga kamba. Waganga walikuja, ngoma ikapigwa, kamba ikabaki palepale mpaka vifundo vya mikono vikachubuka. Josepha ndiye aliyeikata kwa mkasi wake wa kazi, akampeleka kwa masista waliokuwa na nyumba ya vijana wenye maradhi ya akili. Sasa Veneranda alikuwa anaamka, anakula, anasuka vikapu. Masista walisema mvua zikiisha anaweza kutoka. Ila hawamtoi mtu mpaka awe na nyumba ambamo hatafungwa wala kufichwa. Baba yao, Mzee Bundala, alikataa kumpokea kwa kuogopa majirani. Josepha alikuwa na kitanda kimoja katika chumba cha kupanga, na mwenye nyumba aliyekwisha kusema hataki wagonjwa.

Kwa hiyo mwanamume atakayemwoa ilikuwa lazima awe mtu wa kufungua mlango. La sivyo, bora asiolewe.

Siku ya Jumapili, mbele ya vikombe viwili vya chai, alimwambia.

"Silasi, nina mdogo wangu. Ana maradhi ya akili. Yuko Kigwa anatibiwa, mwaka wa pili huu."

Silasi alimtazama. Tangu wajuane, hawajawahi kuambiana jambo bila kuchomana. Alisubiri kidogo, akaona uso wa Josepha hautikisiki, akadhani mtani amepania. Akapasua kicheko.

"Mmoja tu? Mimi nilidhani Wanyamwezi wote! Mleteni, tumfunge kamba pamoja na ndama, atatulia!"

Hata mwenye chai alicheka.

Josepha aliweka kikombe chini, akainuka, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaondoka.

"Mtani! Umeshindwa?" Silasi aliita nyuma yake, furaha tele. Alirudi kazini akiwasimulia wenzake jinsi alivyomshinda Mnyamwezi, na habari ikafika mpaka barazani; yeye akakaa akingoja pigo la kulipiza.

Pigo halikuja. Alipofika barazani, Josepha alisimama, akafumbata mikono mbele kwa heshima.

"Karibu, bwana karani. Tukusaidie nini?"

"Bwana nani? Mimi kupe wa njiani!"

"Kama ni suruali, bwana, tafadhali mpe Apolinaria."

Silasi aliondoka. Angerushiwa mkasi asingejali. Adabu ile ilimtisha. Alipiga simu, akaambiwa Bi Josepha anashukuru, yuko kazini. Hakulala vizuri, na pasi ya kaki yake ikaanza kulegea.

Jumamosi ya kutembelea wagonjwa ilifika. Josepha alikuja dirishani na gauni lile la maua ya manjano, Apolinaria ubavuni amebeba kapu.

"Tafadhali, bwana karani, tiketi moja ya Kigwa."

"Josepha, nimekosa nini?"

"Asante, bwana." Alichukua tiketi, akaenda zake.

Apolinaria hakwenda. Aliingiza kichwa dirishani.

"Hujui umekosa nini? Mtoto yule yupo kweli, wewe! Na kamba ilikuwepo kweli. Alama anazo mikononi mpaka leo. Mwenzako alikufungulia moyo wake, wewe ukacheka mpaka ukaonyesha magego."

Silasi alisukuma kiti. Treni ilipiga honi. Mpaka atoke nje kwa mlango wa nyuma, behewa la mwisho lilikuwa linapita.

Alirudi mbio kwenye simu ya reli.

"Kigwa! Kigwa!"

"Kigwa hapa," ilijibu sauti ya Masolwa, mkuu wa stesheni ya kule. "Nani anapiga kelele? Treni imeanguka?"

"Haijaanguka! Ni Silasi. Atashuka binti mwenye gauni la maua ya manjano. Mwambie nilidhani ni utani!"

"Mimi ni stesheni masta au mshenga?"

"Mzee wangu, nakuomba. Mwambie naomba radhi. Mwambie sikujua, na ningejua ningekata ulimi."

Masolwa alikata simu bila kuahidi. Silasi aliuza tiketi za watu wa Mwanza akiwapa za Kigoma. Hatimaye simu ikalia.

"Nimemwambia," alisema Masolwa. "Na abiria wote wamesikia, maana injini ilikuwa inapumua ikabidi nipige kelele. Anasema: aje aone kwanza, halafu acheke."

"Amesema hivyo?"

"Amesema. Treni ya mizigo inatoka kwenu saa ngapi?"

Silasi alikuwa amekwisha kuondoa mkono wa simu sikioni. Alimwachia mwenzake dirisha, akaomba ruhusa akiwa tayari anakimbia, akarukia behewa la gadi, msimamizi wa treni ya mizigo, ameshikilia kofia kichwani.

Nyumba ya masista ilikuwa na paa la bati na shamba la mihogo linalofika njiani. Vijana walikuwa wanapalilia. Mmoja alikuwa anaimba peke yake, mwingine amekaa ameinamisha kichwa, na mtu amekaa karibu naye bila kumsumbua. Hapakuwa na kamba.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyecheka?" Sista Katarina alikuwa mfupi, mikono imejaa unga.

"Ndimi, Sista."

"Mguu ukivunjika mnangoja miezi. Akili ikiumwa mnataka ipone kabla ya Jumapili, isipopona mnaleta kamba. Kaa pale. Usimwonee huruma kwa uso mrefu, hapendi."

Josepha alikuwa kwenye mkeka na binti mwembamba anayesuka kikapu. Vifundoni mwa mikono yake palikuwa na pete nyeupe za kovu. Silasi aliziona, akapiga magoti mchangani na kaki yake.

"Josepha, sikuja kujitetea. Nilisema kamba. Nimeona ilipokuwa. Nisamehe, na yeye anisamehe."

"Na wenzako uliowasimulia?"

"Nitawasimulia tena, safari hii bila kicheko. Nyumba yangu ya reli ina vyumba viwili, Josepha. Kimoja cha Veneranda, na mlango wake usiwe na komeo la nje. Kingine, ukikubali, chetu. Ukinikataa mimi, nitahamia kwa rafiki, mkae ninyi."

"Atakuwa na siku mbaya," alisema Josepha. "Atakunywa dawa kila siku. Kila mwezi atarudi huku kuonwa. Pengine miaka."

"Treni ninazijua."

Veneranda aliacha kusuka. Aliyatazama masikio ya mgeni, kulia, kisha kushoto, kwa muda mrefu.

"Dada, huyu si Mgogo?"

"Ndiye."

"Anataka kupita kwetu?"

"Anataka."

"Babu zetu walilipa sana kwao." Alinyoosha mkono wenye kovu, kiganja juu. "Na yeye alipe."

Nyuma yao Sista Katarina alisimama na sinia lake la unga. "Tangu aje," alinong'ona, "sijamsikia akitania mtu."

"Hongo gani, Mnyamwezi?" Silasi aliuliza. "Ng'ombe?"

"Wananuka. Kofia."

Aliivua, akaitoa kwa mikono miwili. Veneranda aliivaa ikamfunika mpaka nyusi, akapuliza honi ya treni kwa mdomo, vijana wa shambani wakageuka. Josepha alicheka huku machozi yanamshuka, akampiga Silasi bega kwa ngumi.

"Inuka, kupe! Unachafua kaki, na mfuaji nitakuwa mimi!"

Jioni, jukwaani mwa stesheni ya Kigwa, Masolwa alikuwa amesimama na bendera yake ya kijani. Aliwaona wakija wameshikana mikono, akamkagua karani kuanzia viatu mpaka nywele.

"Chidosa! Kofia ya serikali iko wapi?"

"Ametozwa hongo," alijibu Josepha.

"Na njia, amepewa?"

Treni ilikuwa inaingia kwa mvuke na kishindo, ikabidi Josepha apaze sauti, na abiria wote wakasikia.

"Amepewa!"