Mlango Uliotangulia Bara

Kaapima, mashine ya kupima ufukwe, ilipanda kutoka majini kwa miguu yake minane ya chuma, ikatulia mchangani na kuanza kazi. Ilipima nguvu ya mawimbi na mchanga ulioliwa, kisha ikasimika kigingi cha kwanza cha mwaka huo. Nyumba zilizobaki nyuma ya vigingi, upande wa bara, zingejengewa ukuta wa kuzuia maji. Zilizobaki mbele, Sheria ya Ufukwe iliiachia bahari, na kigingi kikishasimama hakuna binadamu aliyeruhusiwa kukigusa. Siwema, mhandisi aliyeibuni mashine hiyo, ndiye aliyekipigania kifungu hicho. Alikuwa amechoka kuona mipaka ikisogezwa kwa ajili ya wakubwa. Sheria ni msumeno, alizoea kuwaambia wabunge.

Aliifuata mashine kwa miguu mizito hadi Kisimachale, mtaa alikolelewa. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, nguo zimeanikwa, lakini nyumba zote hazikuwa na milango. Mapazia tu yalipepea. Siwema alikimbilia nyumba ya shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi. Milango iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanamvua alijibu, akipepeta mchele sebuleni. "Tumeitanguliza bara kwa binamu yako. Tumesikia habari za kuhamishwa, na mlango aliouchonga babu yako hauachiwi maji. Anayehama hutanguliza mlango, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alichosahau ni kuiambia mashine. Aliifundisha kwamba nyumba ina kuta, paa na mlango. Isiyo na mlango ni gofu, na magofu hayajengewi ukuta.

"Tundikeni hata mlango wa choo, shangazi. Sasa hivi."

"Kwani nani anakuja?"

Kaapima ilikwisha kufika. Ilisukuma pazia, ikamkwepa Bi Mwanamvua na ungo wake kwa uangalifu, kama ilivyofundishwa kukwepa watu, ikatokea uani na kusimika kigingi nyuma ya jiko. Kisha ikaendelea kwa jirani.

Siwema alikishika kigingi. Saruji ilikuwa bado mbichi, angeking'oa bila taabu. Majirani walikuwa wametoka, wakimtazama, kila mmoja akiwa na nyumba yake isiyo na mlango. Alisimama hivyo mpaka mikono ikamuuma, kisha akakiachia.

Bi Mwanamvua alikiangalia kigingi, akamwangalia mtoto wa kaka yake.

"Mashine yako haikupiga hodi," alisema taratibu. "Ingepiga, ningeikaribisha, ikajua tunaishi humu."