Damu ya Kitovu

Boksi la baridi lilikuwa limeibwa wodi ya wazazi. Inspekta Hilaria alipofika, wauguzi walikuwa wameshaanza kunong'ona habari za uchawi. Hakuwabishia. Alikuwa na kawaida ya kuwaacha watu waseme mpaka wachoke.

"Ndani kulikuwa na nini?" alimuuliza Daktari Gideon.

"Damu ya kitovu, afande. Ya kichanga cha Evaline, aliyejifungua leo asubuhi. Tulikuwa tunasubiri ndege iipeleke hospitali ya rufaa."

"Ya nini huko?"

"Dada wa mtoto, Faith, ana selimundu. Ameshapigwa kiharusi, na umri wake ni wa kucheza rede. Vipimo vya wakati wa ujauzito vilionyesha damu ya mdogo wake inamfaa."

"Kwa nini ya kitovu?"

Daktari alijikaza kueleza. "Mtoto akiwa tumboni, bado mdogo kuliko harage, seli zinazozaa damu huchipuka kwenye ukuta wa mshipa mkuu. Hazikai hapo. Nyingine hupitia kwenye kondo, zinaongezeka kwenye ini, mwisho zinahamia kwenye mifupa. Siku ya kuzaliwa bado zipo nyingi kwenye damu ya kitovu. Ukiikinga, unaweza kumpandikizia mgonjwa."

"Na ikikaa vibaya?"

"Zinakufa. Evaline hatujamwambia kuwa imeibwa."

Hilaria alikagua eneo la tukio. Kompyuta ilikuwepo. Simu ya muuguzi ilikuwa kwenye chaji, haijaguswa.

"Kondo la nyuma liko wapi?"

Muuguzi alifunua ndoo. Tupu.

Hilaria alijiuliza. Mwizi wa kuuza damu angebeba kondo la kazi gani? Yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Mpimbwe. Nyumbani kwao bibi yake ndiye aliyezika kondo la kila mjukuu nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemwita mchawi. Alitamani sana awe amekosea.

Uani alimkuta Pudensiana, mama mkwe wa Evaline, akimnywesha Faith uji. Mkono wa kushoto wa mtoto ulilala tu mapajani. Pindo la kitenge cha bibi lilikuwa na udongo mbichi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetoka shamba?"

"Nilifika Kasokola mara moja, kwa bodaboda."

"Kufanya nini, na mkweo kajifungua leo?"

Bibi alimfuta Faith mdomo, akamwambia aende akakae kwa shangazi yake.

"Boksi ulilitoa wewe?"

"Mimi."

"Una haki ya kunyamaza, bibi. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Ninyamaze kwa nini? Sijaiba cha mtu. Huyu Faith alipozaliwa niliomba kondo lake, nyie watu wa serikali mkanikatalia, mkalichoma. Damu yake ikakosa kwao pa kutulia. Tangu hapo ni kulia mifupa na kulazwa. Leo nasikia ya mdogo wake inapanda ndege. Nikasema huyu hapana. Nimezika kondo, na ule mfuko nikaupasua, damu ikaingia ardhini."

"Hukuambiwa ni dawa ya Faith?"

"Madaktari walikaa na mwanangu na mkewe, wakaongea Kiswahili cha hospitali. Mimi nilitumwa kupika uji."

Hilaria akamwambia yote, polepole, kama alivyoambiwa na daktari. Ilimuuma kuona uso wa yule bibi ukibadilika neno kwa neno. Kwamba damu ilipitia kwenye kondo, hapo bibi hakuwa amekosea. Lakini damu ya Faith haikuwa imekosa kwao. Ugonjwa wa Faith ulikuwa urithi wa wazazi wote wawili.

Bibi alimgeukia daktari aliyekuwa amewafuata na kusimama mlangoni. "Nyingine hakuna?"

"Ipo kwenye mifupa ya mdogo wake. Ila mpaka akue kwanza, bibi. Miaka."

"Faith atafika?"

Daktari alisema hawezi kuahidi. Bibi akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge, mwanangu."

Hilaria hakutoa pingu. "Twende kituoni ukaandike maelezo."

"Kwanza niache nimwambie mama yake. Asisikie kwa watu."

Waliingia wodini pamoja. Evaline alikuwa amelala ubavu, kichanga kifuani. Alipomwona mkwewe alitabasamu kwa uchovu, uso umejaa furaha.

"Mama," aliuliza, "ndege imeshaondoka?"